Jasho Ndani ya Glavu: Swali Kutoka Nakuru

Sisi watu wa pwani tumezoea kudhani kuwa jasho ni mali yetu, na kwamba mtu akishapanda gari kwenda bara ameliacha nyuma pamoja na minazi. Nakuru imeinuka takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri za mwezi wa Julai upepo wa huko humfanya mgeni ajifunge mtandio mara mbili, na chai ya tangawizi hupoa kabla kikombe hakijafika nusu. Kwa hiyo swali nililoletewa baada ya darsa ya akina mama mtaani Bondeni lilinishangaza kidogo.

Aliyeuliza ni binti muuguzi, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Nakuru, naye alifuatana na mama mkwe wake. "Maalim," alisema, "mikono yangu hutoka jasho mpaka likadondoka. Nikivaa glavu, baada ya dakika chache zimejaa maji. Nikizivua, mpya hazipandi. Hukwama vidoleni zikapasuka. Basi huzivaa asubuhi nisizivue mpaka karibu na adhuhuri. Tena wagonjwa wengine ni wanaume, na nikiwa na glavu udhu wangu husalimika." Mama mkwe akaongeza kwa sauti ya chini, "Mwambie Maalim na lile la kutaka kuacha kazi."

Humo mna maswali matatu, la tiba, la fiqhi na la riziki, nayo yamefungamana hata huwezi kujibu moja ukayaacha mengine. Nimeyachukua kwa watu wa tiba, nikarejea vitabu vyetu, na kwa kuwa familia nyingi zisomazo ukurasa huu zina binti, dada au mke katika wodi, maabara au zahanati, naona jibu si la mtu mmoja.

Tuanze na jasho lenyewe. Mwili wa mwanadamu una tezi za jasho kati ya milioni 2 na milioni 4, na hakuna mahali zilipojazana kama viganjani na nyayoni. Tezi za kifuani na mgongoni hufuata joto la mwili. Jua likiwaka, nazo hufanya kazi. Za viganjani hufuata zaidi hali ya nafsi: haya, haraka, kutazamwa na mkubwa wa kazi, kumchoma mtoto sindano huku mamake amesimama kando. Ndiyo maana baridi ya Nakuru haimfai kitu yule binti. Wapo watu ambao mishipa ya fahamu iziamrishayo tezi hizo hufanya kazi kupita kiasi, na madaktari wameipa hali hiyo jina la haipahidrosisi. Aghalabu huanza utotoni au wakati wa kubaleghe, hushika mikono yote miwili, hutulia mtu akiwa usingizini, na mara nyingi ukiuliza utamkuta mzazi au ndugu mwenye hali iyo hiyo. Uchunguzi mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 ulikadiria kuwa karibu watu 3 katika kila 100 wana jasho la kupita kiasi, viganjani au mahali pengine mwilini.

Si woga, basi, wala si uchafu, wala si jicho la mtu. Nalisema kwa sababu nimepata kusikia wazazi wakimwonya binti wakati wa posa asimpe mkono mama wa mchumba, kana kwamba kiganja chenye unyevu ni aibu ya kufichwa mpaka ndoa ifungwe. Binti akifundishwa hivyo nyumbani, ataingia kazini akiwa tayari na hofu, na hofu huzidisha lile lile jasho alilotaka kulificha.

Liko jasho jingine ambalo si la kuvumilia nyumbani. Likianza ghafla ukubwani, likilowesha shuka usiku, likifuatana na kikohozi, kupungua mwili au moyo kwenda mbio, huenda ni dalili ya kifua kikuu, ya tezi ya shingo au ya maradhi mengine. Huyo aende hospitali, na asipoteze wiki akijaribu dawa za majirani.

Sasa tuje kwenye glavu. Kazi ya glavu ni kuzuia maji yasipite, nayo haichagui upande. Inazuia damu ya mgonjwa isiingie, na inazuia jasho la muuguzi lisitoke. Ngozi ikikaa majini muda mrefu hulainika na kukunjamana kama vidole vya mfuaji. Halafu ije sabuni, ije spiriti ya mikono, vije vipindi vikavu vya Januari na Februari ambapo hewa ya Bonde la Ufa hupasua hata midomo, na ngozi ile huanza kuwasha, kuwa nyekundu na kuchanika. Ngozi iliyochanika ni mlango ulio wazi kwa vijidudu, na mtu mwenye vidonda huanza kukwepa kunawa kwa sababu kunawa kwauma. Ujerumani, kwa miaka mingi, kanuni za kazi zilihesabu saa za kuvaa glavu zisizopitisha maji kuwa sawa na kazi ya kuloa mikono, na mfanyakazi aliyezivaa zaidi ya saa 2 kwa siku alihesabiwa kuwa ngozi yake imo hatarini. Yule binti alikuwa akizivaa saa 4 au 5 bila kuzivua.

Na ajabu ni kwamba glavu ya chumba cha upasuaji ilibuniwa kwa ajili ya ngozi ya muuguzi. Miaka ya 1889 na 1890, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, muuguzi mkuu wa chumba hicho aliitwa Caroline Hampton. Dawa ya zebaki waliyotumia kusafishia mikono ilimharibu ngozi mpaka akakaribia kuacha kazi. Daktari mpasuaji William Halsted aliiomba kampuni ya Goodyear imtengenezee glavu nyembamba za mpira, zikatengenezwa, na Caroline akabaki kazini. (Hakubaki muda mrefu, kwani mwaka 1890 huyo daktari alimwoa.) Faida ya kuwakinga wagonjwa ilikuja kutambuliwa baadaye. Binti zetu wakumbushwe hadithi hii wanapoona aibu kulalamikia mikono yao.

Kosa kubwa katika masimulizi ya yule binti ni kuivaa jozi moja asubuhi nzima, kuliko hilo jasho lenyewe. Glavu ni ya mgonjwa mmoja na ya shughuli moja. Akitoka kwa mgonjwa wa kwanza kwenda kwa wa pili na glavu zile zile, yeye amekingika, lakini wa pili ameletewa vijidudu vya wa kwanza. Kuziosha au kuzipaka sanitaiza zikiwa mkononi si badala ya kuzivua, kwani glavu hizi za kutupwa hazikutengenezwa kwa kurudiwa. Na zikivuliwa, mikono isafishwe, kwa kuwa mpira huwa na vitundu visivyoonekana kwa macho, na joto na unyevu wa ndani huzidisha vijidudu vya ngozi yenyewe.

Shirika la Afya Duniani limeeleza wazi wakati ambapo glavu hazihitajiki: kupima presha, kupima joto, kumvisha mgonjwa nguo, kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu, kuandika faili, kupokea simu, kukusanya sahani za chakula, maadamu hakuna damu wala majimaji ya mwili yatakayoguswa wala maradhi yanayodai tahadhari zaidi. Tangu Korona iingie Kenya mwezi Machi 2020 wengi wamezoea kuzivaa kwa kila kitu. Muuguzi mwenye jasho akizivua kwa shughuli hizo tu, amejipunguzia nusu ya taabu bila ya dawa yoyote.

Hapo ndipo anapokutana na swali la udhu, na sidhani kama mkubwa wake wa kazi analijua. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, ambayo ndiyo ya wengi wetu, ngozi ya mwanamke ikigusana na ya mwanamume asiye maharimu yake bila kizuizi, udhu hutenguka. Glavu ni kizuizi. Kwa hiyo mwanamke mcha Mungu huona kuzivua ni kuuhatarisha udhu wake, hasa pale bomba liko mbali na zamu haina mapumziko. Namwelewa, na nia yake namwombea ikubaliwe. Lakini kutengukwa na udhu si dhambi. Ni hali ambayo sheria imeiwekea dawa nyepesi, nayo ni kutawadha tena. Kumdhuru mgonjwa ni jambo jingine kabisa. Kuondoa madhara ni katika misingi mikuu ya sheria yetu, na mgonjwa wa kitanda cha pili ana haki juu ya muuguzi. Anayeweza kuvaa glavu mpya kwa kila mgonjwa wa kiume na azivae, ni halali yake. Asiyeweza, amguse mgonjwa wake kwa haja ya tiba, kisha atawadhe kabla ya sala. Jozi moja kwa wodi nzima ili udhu ubaki sioni kuwa ni uchaji.

Jasho lenyewe, kwa anayetia shaka, ni tohara wala halitengui udhu. Katika nyumba ya Ummu Sulaym, Madina, jasho la Mtume (s.a.w.) lilikusanywa chupani likachanganywa na manukato.

Wengine wameuliza kama inafaa kupangusa juu ya glavu kama inavyofaa kupangusa juu ya khofu za miguuni. Haifai. Mughira bin Shu'ba amesimulia habari za safari ya Tabuk, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa amevaa joho la Kishamu lenye mikono ya kubana, isiyopandishika. Alipotaka kutawadha aliitoa mikono yake kwa chini ya joho akaiosha, na katika udhu uo huo akapangusa juu ya khofu zake. Mikono ikatolewa ikaoshwa, na miguu ikabaki ndani. Katika suala la glavu sijui dalili iliyo karibu zaidi kuliko hiyo.

Kutawadha mara kwa mara nako ni kuloa, na hapa nina neno. Katika vitabu vyetu imeelezwa kuwa ni bora kuacha kujifuta maji ya udhu, ila pakiwa na haja kama baridi. Mwenye ngozi iliyochoka ana haja. Ajifute vizuri, hata katikati ya vidole na chini ya pete, kisha ndipo avae. Na pale mikono inapouma, akumbuke kuwa faradhi ni kuosha mara moja; ya pili na ya tatu ni sunna. Aliyekatazwa maji na daktari kwa sababu ya vidonda ana hukumu zake za kupangusa juu ya bendeji na kutayamamu, naye amwendee mwalimu wake amweleze hali ilivyo.

Kuhusu spiriti ya kusafishia mikono, bado wapo wanaoikataa kwa kuwa ina alkoholi. Mwaka 2002 baraza la fiqhi la Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu, Makka, liliruhusu alkoholi kutumiwa nje ya mwili kama kiua vijidudu. Tena ile iliyotengenezwa kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani ina gliserini, ambayo huilinda ngozi, na kwa ngozi nzima huwa nyepesi kuliko sabuni na maji ya moto. Sabuni iwe kwa mikono iliyochafuka waziwazi. Kuzitumia zote mbili kwa mfuatano kila mara ni kuichuna ngozi bure. Muhimu kwa mwenye jasho ni kungoja: asugue sekunde 20 hadi 30 mpaka mikono ikauke yenyewe, kisha avae. Glavu nyingi zinazopasuka huvaliwa juu ya mkono ambao bado una maji ama spiriti.

Glavu zenyewe hazilingani. Ya kubana huongeza joto na kupasuka. Ya kupwaya hukusanya maji vidoleni. Ziko zilizopakwa utando laini kwa ndani ili zipande hata kwenye mkono wenye unyevu, na inafaa kuziuliza kwa jina hilo. Anayewashwa, kupiga chafya au kutoka vipele dakika chache baada ya kuvaa za lateksi huenda ana mzio wa mpira; huyo atumie za naitrili, na ampe habari daktari. Kwa shughuli zisizohitaji glavu za upasuaji, glavu nyembamba za pamba huvaliwa kwa ndani zikanywa jasho, madhali zinabadilishwa kila zilowapo na kufuliwa kwa maji ya moto sana. Akina mama wanaofanya kazi katika mashamba ya maua ya Naivasha, ambao huvaa glavu nene, wangefaidika na jambo jepesi zaidi: kuwa na jozi mbili, moja mkononi, nyingine imepinduliwa inakauka.

Lakini poda, hapana. Najua wapo wanaomimina poda ya mtoto ndani ya glavu, na zamani hospitali zenyewe zilitumia wanga wa mahindi. Poda hiyo ikingia katika kidonda cha mgonjwa huleta uvimbe na makovu ya ndani, na ile ya glavu za lateksi hubeba mzio hewani. Marekani ilizipiga marufuku glavu za kitabibu zenye poda kuanzia Januari 2017.

Mafuta nayo yana wakati wake. Vaseline na mafuta ya nazi huulainisha mpira wa lateksi mpaka ukachanika, kwa hiyo si ya kupakwa kabla ya zamu. Yapakwe usiku, mikono ivishwe soksi safi za pamba, ngozi ipate kupona. Kazini atumie krimu ya maji. Akipaka kitu kizito kilichoganda kama nta, akiondoe kabla ya udhu. Mafuta mepesi hayazuii kitu. Hina haina neno, kwani rangi yake haizuii maji. Piko ndiyo niionayo vibaya, kwa kuwa kemikali za rangi ile nyeusi huchoma ngozi na kuzusha mzio udumuo, na mkono ambao tayari umelowa ndani ya glavu haufai kuongezewa moto.

Kwa aliyefanya yote hayo na bado jasho ladondoka, tiba ipo. Ya kwanza ni maji ya aluminiamu kloridi, hupakwa usiku juu ya mikono mikavu isiyo na michubuko, na kuoshwa asubuhi. Jasho likipungua, huachiwa mara moja au mbili kwa wiki. Shabu, ambayo bibi zetu waliisugua kwapani, ni jamaa ya dawa hiyo, ingawa nguvu yake ni ndogo. Ya pili ni kutia mikono katika mabeseni ya maji yapitishwayo umeme mdogo, kwa vikao kadhaa. Haifai kwa mja mzito wala mwenye mtambo wa moyo. Viko vidonge, lakini hukausha na kinywa. Ziko sindano za Botox, ambazo kwa miezi kadhaa hukausha, ila huuma sana viganjani na huweza kudhoofisha mshiko kwa muda, na muuguzi aishi kwa mshiko wake. Upasuaji wa kukata mishipa ya fahamu kifuani ni wa mwisho kabisa. Mikono hukauka, lakini kwa wengi jasho huhamia mgongoni, tumboni na mapajani, na wapo waliojuta. Binti asiharakishwe huko kwa sababu ya posa wala ya picha za harusi.

Kuhusu kuacha kazi, nilimwambia mama mkwe mbele ya mkwewe kuwa sioni sababu. Imamu Ghazali ameihesabu tiba katika faradhi za kutosheleza, na katika vita vya Khandaq majeruhi waliuguzwa Madina katika hema la mwanamke, Rufaida. Wanawake wetu wanapotaka kuhudumiwa na mwanamke katika uzazi, ni lazima awepo mwanamke aliyebaki kazini.

Na asione haya kudai. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga vinavyofaa kwa kazi ya majimaji na vitu vyenye madhara, na imezitaja glavu kwa jina. Boksi la saizi moja kwa wodi nzima, kubwa kwa huyu na dogo kwa yule, silioni kuwa ni kinga inayofaa. Aandike barua fupi: saizi yake, aina imfaayo, na sababu, akiwa na cheti cha daktari wa ngozi akiambatanishe. Wauguzi watatu wakiandika pamoja ni bora zaidi, na bila shaka katika wodi hiyo yuko wa pili aliyekuwa akificha mikono yake.

Akina mama wa vikundi vya kuosha maiti, nanyi hamkusahauliwa. Zenu ni zile zile: jozi mpya kwa kila maiti, mikono iliyokauka kabla ya kuvaa, na baada ya kuzivua, sabuni na maji. Mwenye jasho jingi aanze kwa kumwaga maji, amwachie mwenzake kusugua, kisha wapokezane.